Moshi Uliokosa Pa Kwenda: Uchambuzi wa Ukungu wa London, Desemba 1952

Kuanzia Ijumaa tarehe 5 hadi Jumanne tarehe 9 Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Katikati ya jiji, mtu hakuweza kuona zaidi ya mita 500 kwa saa 114 mfululizo. Katika wiki iliyoishia tarehe 13 Desemba, vifo 4,703 viliandikishwa katika eneo zima la jiji. Wiki kama hiyo mwaka 1951 vilikuwa 1,852.

Ni nini hasa kilichobadilika wiki ile? Viwanda vilikuwa vilevile, dohani zilezile, wakazi walewale zaidi ya milioni 8. Makaa yaliyochomwa yaliongezeka kwa sababu ya baridi, lakini hayakuongezeka mara kumi, wala hata mara tatu. Kilichoongezeka mara nyingi ni moshi uliobaki hewani. Sababu yake haipatikani ndani ya meko ya watu. Inapatikana juu ya mapaa yao, ambako nafasi ya moshi kutawanyika ilisinyaa mpaka ikabaki sehemu ndogo sana ya ile ya kawaida. Kusinyaa huko kunapimika, na hesabu yake inafaa kwa mji wowote wenye moshi, vumbi au magari.

Hewa ilivyojipanga

Alhamisi tarehe 4, eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lilisogea juu ya kusini mwa Uingereza na kutulia. Katika mfumo wa aina hii hewa ya juu hushuka polepole. Inaposhuka hubanwa, na inapobanwa hupata joto na kukauka. Huko juu, basi, kukawa na tabaka la hewa vuguvugu na kavu. Chini upepo ulilegea, kwa kuwa katikati ya mgandamizo mkubwa tofauti za mgandamizo kati ya sehemu na sehemu ni ndogo, na upepo hauna cha kuusukuma.

Usiku ukaja na anga isiyo na mawingu. Ardhi ilipoteza joto lake kwenda juu, ikapoa, na hewa iliyogusana nayo ikapoa pia. Bonde la Mto Thames lina umbo la beseni pana: hewa baridi, iliyo nzito, huteremka kutoka kwenye miinuko ya pembeni na kukaa chini. Hewa hiyo ilikuwa na unyevu mwingi, ikapoa hadi kiwango cha umande, na ukungu ukatokea.

Hapo ndipo kifuniko kilipofungwa. Kwa kawaida hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu. Hewa kavu inayopanda hupoa kwa karibu digrii 1 ya Selsiasi kila mita 100, na maadamu bado ina joto kuliko jirani zake huendelea kupanda, ikibeba moshi. Mpangilio ukipinduka, yaani joto likawa linaongezeka kadiri unavyopanda badala ya kupungua, hewa inayotoka chini hukutana na hewa yenye joto kuliko yenyewe, ikajikuta nzito, ikasimama. Wataalamu huita hali hii mgeuko wa halijoto. Moshi wa dohani ya nyumba hutoka ukiwa wa moto, lakini huchanganyika na hewa baridi ya jirani na kupoteza joto lake ndani ya makumi machache ya mita. Haukuwa na nguvu ya kutoboa tabaka lile. Unene wa hewa iliyonaswa chini yake ulikadiriwa kuwa kati ya mita 100 na 200.

Ijumaa mchana ukungu haukuwa mzito sana. Ulikuwa mkavu na wa kimoshi. Jioni ulipozidi kuwa mzito, watu katika sehemu nyingi walishindwa kuona zaidi ya mita chache. Kwa nini jua la siku iliyofuata halikuuvunja? Mapema Desemba, katika latitudo ya London, jua la saa sita mchana hufika nyuzi 16 hivi tu juu ya upeo, na mchana wenyewe ni wa saa 8. Mionzi dhaifu kiasi hicho iliangukia ukungu mweupe, na sehemu kubwa ikarudishwa juu. Ardhi haikupata joto la kutosha kuanzisha mzunguko wa hewa. Wakati huohuo sehemu ya juu ya ukungu iliendelea kutoa joto kwenda angani, usiku na mchana, ikapoa zaidi na kuutia nguvu ule mgeuko uliokuwa juu yake. Ukungu ulijilinda wenyewe. Watabiri wa hali ya hewa huiogopa hali hii kuliko baridi yenyewe, kwani haina njia ya kujimaliza kutoka ndani: lazima upepo uje kutoka nje.

Na watu nao walifanya kile ambacho yeyote angefanya kwenye baridi. Waliongeza makaa.

Kilichoingia ndani ya sanduku

Makadirio yaliyotolewa baadaye na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza yanasema kila siku ya kipindi kile zilimwagwa hewani tani 1,000 za chembe za moshi, tani 140 za asidi ya hidrokloriki, tani 14 za misombo ya florini, na tani 370 za dioksidi ya salfa ambazo ziligeuka kuwa asidi ya salfuriki.

Sehemu kubwa ya moshi huo ilitoka majumbani. Meko ya nyumba huchoma makaa kwa hewa isiyotosha na kwa joto la chini kuliko tanuri la kiwanda, hivyo kila kilo hutoa masizi na lami zaidi. Tena makaa yenyewe yalikuwa hafifu. Baada ya vita, makaa mazuri yaliuzwa nje ili nchi ipate fedha za kigeni, na wenyeji wakabaki na vumbi la makaa lililochanganyika na vipande vidogo, ambalo liliondolewa kwenye mgao, yaani likaruhusiwa kununuliwa bila kikomo, mwanzoni mwa Desemba hiyohiyo. Lilikuwa rahisi kulipata na lilitoa moshi mwingi.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kimo cha mdomo wa dohani. Dohani ya nyumba ya ghorofa mbili humwaga moshi mita 10 hivi kutoka ardhini, chini kabisa ya kifuniko. Dohani ndefu ya kituo cha umeme ina nafasi ya kutoboa kifuniko na kuachilia moshi juu yake, na siku kama zile nafasi hiyo ni kitu kikubwa. Lakini katika kituo cha Battersea moshi ulioshwa kwa maji kabla ya kutoka ili kupunguza salfa. Uoshaji ulipunguza salfa kweli, na ulipoza moshi pia, ukatoka ukiwa umelowa, bila nguvu ya kupanda, na ukaweza kushuka tena mtaani. Hata kifaa kizuri cha kusafisha kina hesabu ya pili ya kufanyiwa: moshi unaotoka utakuwa na joto gani, na utapanda hadi wapi?

Hesabu ya sanduku

Hii ndiyo hesabu anayopaswa kuanza nayo mtu yeyote anayechunguza kipindi cha uchafuzi. Ni rahisi, haihitaji kompyuta, na mara nyingi inatosha kuonyesha nani mkosaji kati ya chanzo na hali ya hewa.

Chukua jiji kama sanduku la mraba lenye upande wa kilomita 40, ambao ni ukubwa wa London Kuu kwa kukadiria. Sakafu yake ni kilomita za mraba 1,600. Kimo cha sanduku ni kimo cha mchanganyiko, yaani urefu ambao hewa ya chini inaweza kujichanganya kabla ya kugota kwenye kifuniko. Moshi unaoingia ni tani 1,000 kwa siku, karibu tani 42 kwa saa. Upepo huingia upande mmoja ukiwa safi na kutoka upande wa pili ukiwa umebeba moshi.

Siku ya kawaida yenye upepo wa mita 5 kwa sekunde na kimo cha mita 1,000, hewa huvuka jiji kwa sekunde 8,000, saa mbili na kidogo. Ndani ya muda huo jiji hutoa tani 93 hivi za moshi, zinazogawanywa katika ujazo wa sanduku zima. Jibu ni mikrogramu 58 kwa kila mita ya ujazo upande ule hewa inakotokea. Si hewa safi, lakini watu hawaanguki barabarani.

Sasa acha moshi uleule, tani 1,000 zilezile. Shusha kimo hadi mita 150 na upepo hadi mita 1 kwa sekunde. Hewa inahitaji sekunde 40,000, saa 11, kuvuka jiji. Katika muda huo inakusanya tani 463, na ujazo wa kuzigawanyia ni mdogo mara sita na zaidi. Jibu: mikrogramu 1,930 hivi.

Tofauti ni mara 33, na haikutokana hata na kilo moja ya makaa. Inatokana na zao la vitu viwili, kimo mara upepo. Siku ya kwanza zao hilo ni 5,000. Siku ya pili ni 150. Watabiri huliita kiwango cha upitishaji hewa. Iwapo kuna tarakimu moja ya kuandikwa ubaoni kila asubuhi katika ofisi inayosimamia hewa ya mji, ni hiyo.

Upepo ukikoma kabisa, kila saa inaongeza mikrogramu 174 kwa mita ya ujazo, na siku nzima inazidi 4,000. Vipimo vya wakati ule vinakubaliana na ukubwa huo: kituo kilichosoma juu zaidi kilipata karibu mikrogramu 4,500 kwa wastani wa saa 24, na makadirio ya baadaye ya chembe huwekwa kati ya 3,000 na 14,000. Kwa ulinganisho, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa chembe laini za PM2.5 (zenye upana usiozidi mikroni 2.5; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni mikrogramu 15 kwa saa 24.

Msomaji makini atauliza: kama siku moja inaongeza 4,000, kwa nini siku nne hazikufika 16,000 kila mahali? Kwa sababu sanduku huvuja. Upepo haukuwa sifuri kila saa na kila mtaa. Sehemu ya juu ya ukungu hubadilishana hewa kidogo na tabaka la juu yake. Chembe nazo hutua, ingawa polepole mno: chembe laini hutua kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa sekunde, hivyo kuondoa moshi wa tabaka la mita 150 kwa njia hiyo pekee kungechukua saa 40 na zaidi. Moshi ulipanda haraka siku mbili za kwanza, ukafikia kilele tarehe 7 na 8, ambapo kinachoingia na kinachovuja vilikaribiana.

Hesabu hii ina kasoro moja kubwa, na ni vizuri kuitaja kabla mtu hajaitumia vibaya. Inadhani moshi umesambaa sawasawa. Kwa kweli mitaa iliyobanana ya mashariki na katikati ilikuwa na dohani nyingi kwa kila hekta kuliko pembezoni penye bustani. Wastani wa jiji huficha mtaa uliopata mara mbili au tatu yake. Ukitaka kujua nani ataumia, gawa sanduku kubwa katika masanduku madogo ya kilomita chache, na uanze na yale yenye watu wengi.

Maji ndani ya moshi

Ukungu haukuwa pazia tu la kuzuia jua. Ulikuwa mtungi wa kemia.

Unyevu wa hewa unapopita asilimia 80 hivi, chembe zenye chumvi na asidi huanza kunyonya maji na kuvimba. Chembe iliyovimba hutawanya mwanga zaidi, ndiyo maana siku mbili zenye uzito uleule wa chembe zinaweza kuonekana tofauti kabisa kwa macho. Unyevu ukifikia ujazo kamili, chembe zinakuwa viini vya matone ya ukungu. Jiji lenye viini vingi hupata matone mengi na madogo, na ukungu wa matone mengi madogo ni mzito zaidi kwa macho na huchelewa kudondoka.

Ndani ya matone hayo dioksidi ya salfa iliyeyuka na kugeuzwa salfeti na asidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dioksidi ya nitrojeni, inayotoka kwenye moto huohuo wa makaa, ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kuigeuza. Matone makubwa ya ukungu yaliizimua asidi, na hilo liliiruhusu kemia kuendelea badala ya kujisonga. Kisha, matone yalipokauka kwa sehemu, asidi ilibaki ikiwa kali ndani ya chembe ndogo zinazoweza kuvutwa hadi ndani ya mapafu.

Ng'ombe walitoa ushahidi wa mapema. Maonyesho ya mifugo ya Smithfield yalikuwa yakiendelea katika ukumbi wa Earls Court wiki hiyohiyo, na ng'ombe walionona wakaanza kuhema. Baadhi walikufa, wengine ikabidi wachinjwe. Kondoo na nguruwe hawakuathirika hivyo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ng'ombe wa mashindano walisafishiwa matandiko kila mara, ilhali mazizi ya wengine yalikuwa na amonia ya mkojo, na amonia hupooza asidi. Ng'ombe waliotunzwa vizuri zaidi ndio walioumia zaidi. Ni dalili yenye uzito kwamba asidi ilikuwa sehemu ya sumu, pamoja na masizi.

Swali la mvua huja daima: je, ingenyesha kidogo, ingesaidia? Mvua kubwa inayoandamana na upepo husaidia sana, lakini sehemu kubwa ya msaada huo hutoka kwa upepo na hewa mpya. Manyunyu peke yake ni ufagio dhaifu. Tone la mvua hukumba vizuri chembe kubwa zaidi ya mikroni 2 au 3, nazo chembe ndogo mno hulifikia kwa kuzagaa huku na huku. Zile za kati ya mikroni 0.1 na 1 huzunguka tone pamoja na mkondo wa hewa na kubaki hewani, na uzito mwingi wa moshi uko humo. Manyunyu katika hewa iliyotulia huongeza unyevu na kuacha chembe laini karibu zilivyokuwa.

Jinsi dalili zilivyopotea

Basi za jiji ziliacha kufanya kazi, magari ya wagonjwa yakasimama, treni za chini ya ardhi tu zikaendelea. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatizwa kwa kuwa ukungu uliingia ndani na watazamaji hawakuona jukwaa. Pamoja na yote hayo, hakukuwa na tangazo la hatari kwa afya wakati jambo lilipokuwa likitendeka. Ukungu ulikuwa kitu cha kawaida London, na ukawa unapimwa kama tatizo la usafiri.

Njia ya upimaji nayo ilichangia. Moshi ulipimwa kwa kuvuta hewa kupitia karatasi ya chujio na kulinganisha weusi wa doa. Sampuli ilikusanywa kwa saa 24 na kusomwa baadaye, hivyo tarakimu ya Jumapili haikuwepo mezani Jumapili. Pia weusi si uzito. Makaa hutoa masizi meusi sana, kwa hiyo kipimo kilitosha kwa enzi ile. Lakini chembe za asidi na salfeti hazina rangi, na karatasi haikuziona. Anayelinganisha tarakimu za moshi mweusi za 1952 na PM2.5 za leo moja kwa moja anafananisha vitu viwili tofauti.

Vifo havikusubiri. Vilianza kupanda siku ileile moshi ulipopanda, wengi wakiwa wazee, watoto wachanga na watu waliokuwa tayari na ugonjwa wa mapafu au moyo. Hesabu ya awali ya serikali ilikuwa vifo 4,000 hivi vya ziada. Vifo vya Januari na Februari 1953, vilivyobaki juu ya kawaida, viliwekwa kwenye mafua ya virusi. Uchambuzi mpya wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mafua hayo hayakutosha kueleza ongezeko, na ukakadiria jumla ya vifo karibu 12,000. Kosa hapa linajirudia katika miji mingi: kipindi cha vifo hufungwa siku ukungu unapoondoka, ilhali mapafu yaliyoumia huendelea kuua kwa wiki kadhaa.

Walikuwa wameonywa. Mwaka 1930 katika bonde la Mto Meuse nchini Ubelgiji, na mwaka 1948 huko Donora, Pennsylvania, mpangilio uleule wa bonde, hewa tulivu, mgeuko wa halijoto na moshi ulikuwa umeua watu ndani ya siku chache.

Jumanne tarehe 9 upepo ulikuja kutoka magharibi ukaleta hewa mpya, ukavunja mgeuko na kusukuma moshi kuelekea Bahari ya Kaskazini. Hakuna tanuri lililozimwa.

Kutenganisha chanzo na hali ya hewa

Kamati iliyoongozwa na Hugh Beaver iliundwa mwaka 1953, na Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956. Iliziruhusu mamlaka za mitaa kutangaza maeneo ambamo moshi hauruhusiwi, na mwenye nyumba aliyebadilisha meko yake alirudishiwa saba ya kumi ya gharama. Kipengele hicho cha fedha kina uzito kuliko kinavyoonekana. Bila hicho sheria ingewataka maskini wakae kwenye baridi.

Kisha Desemba 1962 mgandamizo mkubwa ulirudi juu ya London, na ukungu ukakaa siku kadhaa. Dioksidi ya salfa ilipanda karibu na viwango vya 1952, kwa kuwa sheria ililenga moshi zaidi kuliko salfa. Moshi ulikuwa pungufu kwa kiasi kikubwa, na vifo vya ziada vikahesabiwa kwa mamia badala ya maelfu. Tarehe 12 hadi 15 Desemba 1991 kifuniko kilifungwa tena. Masizi ya makaa hayakuwepo. Kilichojaa sandukuni kilikuwa moshi wa magari, na dioksidi ya nitrojeni ikafika sehemu 423 kwa bilioni kwa wastani wa saa moja, rekodi ya wakati huo nchini. Kifuniko ni kilekile mara tatu. Kilichomo ndani ndicho kilichobadilika. Ni vigumu kupata jaribio la wazi kuliko hilo.

Anayetaka kufanya uchambuzi kama huu kwa mji wake aanze na wasifu wa joto kwa kimo, si na tarakimu ya uchafuzi. Puto la upimaji linalorushwa alfajiri linatosha: tafuta kimo ambapo joto huanza kupanda badala ya kushuka, kisha kimo hicho kinapokwisha, na tofauti ya digrii kati yake. Mgeuko wa digrii 1 au 2 juu ya ardhi huvunjika asubuhi jua likipata nguvu. Ule wa digrii 5 na zaidi, chini ya jua dhaifu au ukungu, unaweza kukaa siku nyingi. Pasipo na puto, vipimajoto viwili kwenye mnara mrefu au mlimani, vyenye tofauti ya kimo ya mita 100 au zaidi, hutoa jibu la kutumika.

Upepo uchukuliwe katikati ya mji na si uwanja wa ndege peke yake, kwani uwanja uko wazi na husoma juu zaidi. Halafu kimo na upepo vizidishwe kwa kila saa. Saa mbaya karibu kila mara ni mbili: asubuhi, watu wanapowasha moto na magari kabla kifuniko hakijapanda, na jioni, kinaposhuka wakati watu wanarejea nyumbani. Kupungua kwa uchafuzi saa nane mchana mara nyingi hakuna maana kwamba watu wamechoma kidogo. Kifuniko kimepanda tu. Wastani wa saa 24 hulificha hilo, kwa hiyo data za saa moja moja zihifadhiwe.

Vipimo vya kisasa vya bei nafuu vinavyotumia mwanga vina mtego wao, nao unafanana na ule wa 1952 ukiwa umegeuzwa. Unyevu ukizidi asilimia 85 hivi, kipimo huhesabu maji yaliyovimbisha chembe kana kwamba ni chembe, na ndani ya ukungu huhesabu matone yenyewe. Usomaji unaweza kuwa maradufu ya uzito halisi. Dawa ni kukausha hewa inayoingia kwa kuipasha moto kidogo, au kurekebisha kwa kulinganisha na chujio lililopimwa kwa mizani, na saa zenye unyevu mkubwa zitiwe alama kwenye jedwali. Zisifutwe: saa hizo ndizo mara nyingi zenye hatari halisi.

Kosa la mwisho hufanywa na wakuu wa miji kuliko mafundi. Mwaka wenye upepo mwingi hewa huwa safi, na sera ya mwaka ule husifiwa. Mwaka unaofuata ukiwa mtulivu, sera hiyohiyo hulaumiwa. Kabla ya sifa au lawama, panga siku za miaka yote miwili kwa kiwango cha upitishaji hewa, kisha linganisha siku zenye kiwango sawa tu. Tofauti inayobaki ndiyo ya chanzo. Na kikomo cha moshi kikokotolewe kwa siku ambayo zao la kimo na upepo ni 150, maana siku ya 5,000 itajiangalia yenyewe.